Disiki ya Yaya na Moshi wa Vibuyu

Kule Bule, koko yangu, mama ya mama, hakukubali kibuyu ya maziwa isafishwe na maji peke yake. Alikuwa anawasha majani kavu ndani ya chungu kadogo, anazima moto, anageuza mudomo ya kibuyu juu ya moshi. Anangoja. "Kibuyu ikinuka, usiikwaruze, ipatie moshi," njo alikuwa ananiambia, na miye machozi inanichuruzika. Kisha maziwa inakuwa na harufu moja tamu, sijui nikuambieje, rafiki yangu. Siku hizi tunakunywa ya unga, ya sashe, ile pakiti ndogo, haina harufu ya mutu.

Lakini maziwa inanichelewesha. Nilitaka kukuelezea wimbo.

Juma hii nilikuwa kwa robine ya maji, hapa mutaa ya Saio, na bidon zangu mbili za kuteka. Kijana mumoja wa moto, ile pikipiki ya kubeba batu, alifungua muziki kwa telefone yake, gitare ikaanza kulia. Nikakaa juu ya bidon.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, mutoto wangu. Ongeza sauti."

"Ee! Koko anapenda rock!" Batu bote bakacheka. Siwalaumu. Bangejuaje kama nilikuwa nangojea mahali moja mu ule wimbo?

Yaya, kaka yangu mukubwa, alikuwa anapika kwa muzungu mumoja wa duka. Huyo muzungu aliporudi kwao, akamuachia fono, mashini ya kupiga disiki, ya kutumia mawe ya radio, zile batri, na disiki moja ndogo, tundu kubwa katikati. Yaya alichonga kipande cha mukaratusi, akaziba ile tundu ili disiki isiyumbe. Juu ya karatasi ya kufunika disiki kulikuwa bazungu bane, nywele mupaka mabegani, wamekasirika bila sababu. Miye nilisoma mupaka troisième primaire, darasa ya tatu, tu, jina yao hata leo siijui. Kumbe ule wimbo ulikuwa unapigwa dunia yote. Siye kule Bigo, kwenye tulikuwa tunaishi, tulifikiri ni wetu peke yetu.

Wakati huo mama alikuwa tayari anaumwa tumbo, hatoki mukekani. Yaya akaweka disiki. Ngoma ikapiga, gitare zikapiga, kisha muzungu akalia sauti moja ndefu sana, na mama akasema: "Yesu! Nani amemukanyaga huyu?" Akacheka mupaka akashika tumbo. Hiyo njo mara ya mwisho tulimusikia anacheka.

Kisha ya matanga ya mama tulibaki batatu: koko, aliyeshuka kutoka Bule, yaya, na miye. Yaya, bugali anaigusa tu. Kila jioni anaweka disiki, na muzungu akilia, anainua kidole: "Hapa." Pale mama alicheka. Njo neno yake moja ya siku muzima. Koko akamubembeleza akule, yaya akamujibu: "Koko, kama si hii disiki, ningekwisha kuenda." Kuenda wapi, hakusema. Toka siku hiyo nikaanza kuichunga ile disiki kama ndama ya mwisho.

Halafu ikaanza kukwaruza. Na ni pale pale: sindano inaruka, muzungu analia nusu. Yaya anarudisha, inaruka. Anarudisha. Na miye nilijua dawa moja tu ya chombo iliyochafuka.

Alipoenda kuteka maji, niliwasha majani kavu, nikazima moto, nikaweka disiki juu ya moshi, vizuri, vile koko alinifunza. Hata nilisali. Nilipoitoa ilikuwa inanuka kibuyu, na imepinda kama ngozi iliyosahauliwa kwa jua.

"Uliipika?"

"Niliipatia moshi, yaya. Ipone."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliiweka kwa fono hivyo hivyo. Sindano ikapanda, ikaanguka, ikapanda, ikaanguka.

"Umusamehe, ni mutoto," koko akasema.

"Sijasema kitu, koko."

Koko alikwisha kufa. Bule, kwenye alinirudisha kisha, tulikimbia vita mbio, vibuyu vyake vikabaki vinaning'inia ukutani, na nyumba yenyewe nasikia haiko tena. Juma hii kwa robine, wimbo ulipofika pale mama alicheka, muzungu alilia sauti yake muzima, bila kuruka. Nikainua kidole. Hakuna mutu aliyeniuliza ni nini.

Ile jioni disiki ilipinda, yaya alitoa kile kipande cha mukaratusi katikati ya fono, akakitia mufukoni. Akanishika kichwa; mukono yake ilikuwa bado na baridi ya maji. Nilifikiri anaenda kunyoosha miguu. Akapita mbele ya parsele, ile kiwanja ya jirani, akamusalimia vizuri, akashika barabara ya Mahagi, polepole, kama mutu atakayerudia nyumbani kukula.

Hakurudia.