Niligeuza Antena Ikatazama Nakonde

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hamjaanza kutafuta wa kumlaumu, maana mume wangu alilaumu mvua, jirani yangu akalaumu kunguru, na mimi nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu mwema. Kunguru wa watu hakufanya kitu. Ni mimi.

Jina nisitirini. Niko Tunduma, nauza mchele, na mume wangu anashughulika na makaratasi ya malori yanayovuka mpaka. Sote wawili ni Wandali wa Ileje, upande wa Isongole. Hilo la Undali lishikeni vizuri, ndilo litakaloniumbua huko mbele.

Ilikuwa miaka ile mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa, tukaambiwa bila king'amuzi utatazama ukuta. Mume wangu akaleta king'amuzi na antena mpya, akaifunga juu ya mwanzi mrefu kando ya sebule. Ukitaka kuigeuza unashika mwanzi huku chini, unausokota taratibu, na aliye ndani anakupigia kelele, "Hapohapo, usiguse!" Jioni mtaa mzima ulikuwa ni hapohapo, hapohapo, utafikiri tunafundishwa wimbo.

Sasa wenzetu wa Zambia walikuwa bado hawajazima mitambo yao. Nikagundua kwamba nikichomoa waya kwenye king'amuzi, nikauchomeka kwenye televisheni yenyewe, kisha nikasokota mwanzi mpaka antena itazame mji wa Nakonde ng'ambo ya pili, basi Zambia nzima hiyo hapo sebuleni kwangu! Na huko Zambia kulikuwa na mchezo, jamani. Ndugu wawili wanampenda mwalimu mmoja wa shule. Mmoja ana pesa za mgodini, mwingine ana maneno matamu tu. Kibemba nilikuwa nakisikia vizuri kwa sababu ya wateja wangu wa mchele, kwa hiyo hakuna neno lililonipita. Nilikuwa nampigia kelele yule mwalimu kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Taabu ni kwamba mchezo ulikuwa unaangukia saa ya taarifa ya habari, na mume wangu bila habari hali akashiba. Siku ya kwanza aliponikuta na Zambia akauliza chaneli zetu zimekwenda wapi. Nikamjibu bila kupepesa jicho kwamba masafa yamebadilika. Neno hilo nililisikia redioni, hata maana yake sikuwa naijua sawasawa! Lakini mume wangu ni mtu wa mpakani. Pale mpakani kila akiamka anakuta utaratibu mpya, kwa hiyo ukimwambia kitu kimebadilika habishani, anauliza tu kama kitakaa sana. Nikamwambia mafundi wanashughulikia. Akaguna, akavua viatu, akakaa.

Haikupita wiki nyingi akawa ananiuliza kutoka kazini kwa simu kama mwalimu ameshajibu posa.

Uongo ukaota miguu. Mama Rehema, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akasikia kwangu masafa yamebadilika, akaja mbio kuuliza kama na yeye asachi upya. Ningesema nini? Nikaenda kwake, nikashika rimoti, nikabonyeza pale pa kutafuta chaneli, zikaja zote kama zilivyokuwa, naye akanishukuru mpaka nikaona haya. Kesho yake akaniletea mwingine. Nikawa mganga wa masafa wa mtaa! Watu wazima wananisimamisha njiani kuniuliza kama wiki hii kuna mabadiliko, nami natazama juu kidogo, nasema wiki hii ni shwari.

Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Njia ya mwongo ni fupi, nilikuwa naujua msemo huo tangu shuleni, ila yangu niliiona ndefu, tena ya lami.

Ndipo baba mkwe akapiga simu.

Huyu mzee anaimba besi kwaya ya kanisa kule Isongole, tangu mume wangu hajazaliwa. Watu wa televisheni walikuwa wamepanda kule milimani wakairekodi kwaya yao, na kipindi kitaonyeshwa Jumapili mchana. Kijijini kwao umeme haujafika. Kwa hiyo anashuka Tunduma na wenzake wawili kuja kujitazama kwa mwanawe, maana mwanawe ana televisheni, ana king'amuzi, na tena, mume wangu alijisifu kwenye simu, ana mke anayejua mambo ya masafa.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni. Ukimwona anakuja njiani unaacha njia. Jina lake hulitaji. Akija nyumbani wewe ni wa jikoni, chakula kinapelekwa na mwingine, na likiwapo neno la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Si chuki. Ni heshima, na huyu mzee nampenda kweli. Miaka yote ya ndoa nilikuwa naujua mgongo wake tu.

Jumamosi Mama Rehema akaja uani kwangu, anahema, ananiambia wametangaza kwenye televisheni kuwa kesho asubuhi masafa yanabadilika, na mawimbi yatakuja kutoka upande wa Vwawa, kila mtu asachi upya na ageuze antena. Mimi nikacheka! Nilijua huo ni uongo wangu mwenyewe, umezunguka mtaa, umekua, umerudi nyumbani kunisalimia. Nikampigapiga bega, nikamwambia asiwe na wasiwasi, kukiwa na mabadiliko mimi nitajua.

Tangazo lilikuwa la kweli. Lilipita wiki nzima kwenye chaneli zetu, na wiki nzima mimi nilikuwa Zambia.

Jumapili tumetoka kanisani, mume wangu akaenda stendi kupokea wageni. Nikaurudisha waya kwenye king'amuzi, nikasokota mwanzi mpaka pale pa zamani, nikawasha. Hakuna mawimbi. Nikasachi. Hakuna. Nikatoka nje nikatazama mtaa. Antena zote za mtaa zimegeuka zinatazama Vwawa. Ya kwangu peke yake inatazama kwingine, kama mtu aliyenuniwa.

Nikaukamata ule mwanzi nikausokota kwa nguvu zote za hofu. Ukalia kra! Ukapasuka juu huko, antena ikalala juu ya bati.

Nikamwita Mama Rehema ashike rimoti, mimi nikaegemeza ngazi karibu na mlango wa mbele, nikajifunga kanga kiunoni, nikapanda. Wala sikuwaza mara mbili. Nikalala kifudifudi juu ya bati la moto, nikaiinua antena kwa mikono, nikaielekeza Vwawa. Nyumba yetu haina dari, kwa hiyo nilimsikia Mama Rehema vizuri. "Hapohapo, usiguse!" Picha imekuja, safi. Nilitaka kupiga vigelegele.

Nikasikia pikipiki zinasimama. Kisha sauti ya kukohoa ambayo naijua, na wageni hao wanaingia uani.

Ninyi niambieni, ningefanya nini? Ngazi iko mlangoni. Nikishuka, nashukia miguuni pa mkwe. Nikibaki, niko juu ya kichwa cha mkwe! Kwetu hata kupita nyuma yake naogopa, leo nimemlalia paani na miguu yangu hiyo hapo ukingoni. Mume wangu aliinua macho, akaniona, akasahau alichokuwa anasema. Mama Rehema, Mungu amzidishie, alitoka mbio na kuwaambia wageni kwamba huyo juu ni fundi, waingie tu, kipindi kinaanza. Baba mkwe akasema fundi na abarikiwe kwa kufanya kazi Jumapili, akaingia ndani.

Nikavuta kanga nikajifunika kichwa. Nilikuwa naungua tumbo na nimebanwa na kicheko, vyote kwa pamoja.

Kipindi kikaanza. Sauti za akina mama zikatangulia, halafu wanaume wa sauti ya juu, na chini yangu wazee wanatajana majina, huyu fulani, yule fulani, marehemu yule naye yumo. Mtu akasema sasa inakuja besi, Mzee anasogea mbele, huyo hapo! Na mimi ndugu zangu nikataka kusikia. Nilikuwa nimeolewa na mtoto wake miaka yote hiyo nami nataka kusikia. Nikalaza sikio kwenye bati, na kiwiko kikateleza.

Sauti ikakatika.

Nikashtuka, nikaanza kuisogeza antena. Hapo ndipo Mama Rehema alipopiga kelele kutoka ndani kwa nguvu zake zote, "Hapohapo, usiguse!" Yeye alimwona Mzee yuko kwenye kioo, amejaa tele, akadhani picha imetulia. Kumbe imeganda! Mzee ameganda mdomo wazi, meno yote nje, kidole hewani. Nami kwa utii nikakaza mikono, nikakaa hapohapo, sipumui. Walisubiri amalize hilo neno. Wakasubiri. Nilipokuja kutikisika kwa uchovu, picha ikarudi, na lilikuwa tangazo la sabuni.

Kisha mmoja wa wale wazee akaanza kucheka. Akasema, Mzee, sisi wote tumepita tu, wewe peke yako umekaa. Mwingine akadakia kwamba hata mkuu wa mkoa hajawahi kukaa kwenye kioo muda wote huo. Sebule ikalipuka! Na baba mkwe mwenyewe anacheka, nasikia anapiga goti lake. Juu huku nilikuwa nauma kanga, na bati lote linatetemeka kwa kicheko changu.

Nikadhani nimepona.

Akatoka nje. Alisema anataka kumshukuru fundi. Nilisikia nyayo zake zinakuja, zikasimama chini yangu, na nikajua anaiona miguu yangu. Sijui aliijuaje, labda kanga, labda alijua tangu pale getini. Zile nyayo zikageuka. Nilipochungulia kwenye pindo niliuona ule mgongo wangu wa siku zote, umesimama wima, unatazama ukuta. Akamwita mwanawe.

"Mwambie fundi sura yangu nimeiona, nashukuru," alisema. "Lakini sura hata kwenye ndoo ya maji naiona. Mimi nilifuata sauti. Nimeimba katikati ya watu maisha yangu yote, sijawahi kusikia wanachosikia wao."

Baba mkwe akakohoa kidogo.

"Mwambie pia tunakwenda kunyoosha miguu barabarani. Ashuke, asije akaungua."

Wakaondoka wote. Nikashuka nalia na kucheka, sijui kipi kilianza.

Kipindi hakikurudiwa, mume wangu aliulizia mpaka akachoka. Mtasema si arekodiwe kwa simu. Mwanawe alijaribu. Mzee alikohoa, akasema kwaya haienei kwenye kisimu, akamrudishia simu yake. Mimi nilipeleka kuku wa kuomba radhi kupitia kwa mama mkwe, na kuku akapokelewa, na jibu likaja kwamba hakuna neno. Mume wangu mpaka leo analaumu mvua iliyoozesha mwanzi. Ila siku moja moja, taarifa ya habari ikiendelea, ananigeukia kwa sauti ndogo kuuliza hivi yule mwalimu hatimaye alimchukua yupi. Sijui! Antena haijatazama Nakonde tena tangu siku ile.

Nanyi wenzangu mnaoshika rimoti mkaona nyumba nzima ni yenu, sikilizeni. Ukizoea kutangaza mabadiliko ya uongo, siku yakija ya kweli utacheka. Na atakayelipa si wewe. Atalipa mtu aliyesafiri kutoka milimani amevaa koti lake la Jumapili.

Mwaka huu Pasaka tulikwenda Isongole. Nilikaa nyuma kabisa kanisani, upande wa akina mama, kichwa nimeinamisha kama inavyonipasa, na besi ikaingia. Nikaisikia yote, mwanzo mpaka mwisho, hakuna kilichoganda. Nikatamani nimweleze, nami ndiye mtu mmoja asiyeweza kumweleza.

Kwa hiyo nampitishia hapa, kwenu ninyi, mtu wa tatu. Mwambieni ikianza benchi linatetemeka kidogo, unalisikia kwenye mapaja kabla hujaisikia masikioni. Mwambieni mtoto wa mbele yangu alikuwa analia, akanyamaza, akawa anatafuta inatoka wapi. Akiuliza nani kasema, mwambieni ni yule fundi.