Mama Viraka Aenda Kuona Picha Zake

Mtaani walimwita Mama Viraka, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi wa mapazia, na hakuwa mtu wa kutupa kitu: vipande vya pindo, mfuko wa shati la marehemu mumewe, tai iliyoliwa na mende. Jioni alivipanga mezani, akatia kipande cha blanketi kuukuu katikati, akapiga bandi kwa mkono hadi itokee picha ndogo ya kitambaa, si kubwa kuliko sahani: dirisha, kuku, jirani akianua nguo. Vifungo vilivyopotezana na wenzao vikawa macho ya kuku.

Binti yake wa pekee, mfanyakazi wa ukumbi wa maonyesho, ndiye aliyezibeba picha hizo kwenda kuzitundika huko. "Niachie mimi, mama. Wewe usihangaike kuja, zile ngazi na miguu yako hiyo!"

Lakini moyo haukutulia. Mama alivaa gauni la kutokea, akapanda ngazi polepole, akipumzika kila kona, huku akicheka peke yake kwa jinsi atakavyomshtua mwanawe.

Picha zilikuwa zimetundikwa chini ya taa, zimependeza hata akaziona ngeni. Mwanamke mmoja alikuwa anafuta machozi mbele ya yule kuku.

"Nzuri, eh?" Mama akamwuliza.

"Nzuri mno. Inauma tu kwamba aliyezishona hayupo. Binti yake katusimulia sasa hivi: alizishona akiumwa, akafa sindano mkononi. Ulimfahamu?"

Mama aligeuka. Upande wa pili binti alikuwa amezungukwa na watu, mkono kifuani, anapokea pole. Macho yao yakakutana. Binti akageuza uso, akaendelea kusimulia.

Kule kugeuza uso ndiko kulikomkata maini.

"Nilimfahamu kidogo tu," Mama alimjibu yule mwanamke, akashuka ngazi.

Jioni binti alikuja. "Mama, yalikuwa maneno tu. Watu walikuwa wanapita bila kuangalia. Nilipowaambia vile, wakasimama."

"Ungewaambia habari za baba yako. Yeye amekufa kweli."

"Nisamehe, mama."

"Na uliponiona pale?"



Maonyesho yalipokwisha, picha zilirudi zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mama bado anashona. Binti akimwamkia kwenye simu, anaitikia marahaba vizuri tu. Ila akibisha hodi, kazi iliyo mezani huingia kwenye droo kwanza, ndipo mlango ufunguliwe.