Mwenyekiti kaanika mwanya kwenye mengineyo

Mtu kaniambia ninyamaze, halafu leo kayasema yote mwenyewe, na kipaza sauti mkononi. 😂

Iko hivi. Ushirika wetu wa wakulima wa zabibu hapa Makutupora una tovuti. Nikagundua kwamba ukibadilisha namba ya mwisho kwenye linki ya ukurasa wako, unaona taarifa za jirani: namba yake ya simu, mavuno yake, kila kitu.

Nikamfuata mwenyekiti kistaarabu, shikamoo na nini. "Mzee, zibeni huu mwanya, la sivyo nawaambia wanachama. Ni taarifa zao."

Akanijia juu. "Ukitangaza unawafundisha wezi! Subiri, tunalishughulikia."

Nimesubiri tangu tunapogoa mizabibu. Zabibu zimeshavunwa.

Leo mkutano mkuu. Tumefika kwenye mengineyo, mzee kasimama, kakunja uso:

"Ndugu wanachama, ni MARUFUKU kubadilisha namba ya mwisho kwenye linki ili kuchungulia mambo ya mwenzako!"

Jamani.

Ukumbi mzima ukainamia simu. Hata mama yangu, ambaye kufungua picha ya WhatsApp mpaka aniite.

Na ndiye aliyenyoosha mkono. "Mwenyekiti, si ulichukua dawa ya msaada ya walioharibikiwa, ukasema zabibu zako zimekauka zote? Mbona hapa umevuna kutushinda?"

Tovuti ilizimwa kabla ya sala ya kufunga mkutano. Kumbe fundi alikuwepo siku zote!

Nyie mnaobishana humu mtu asubiri muda gani kabla ya kutangaza kasoro, haya, semeni.

Mimi nikikuta nyingine, naanza na shamba la mwenyekiti.