Milanzi ya Kwa Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye milima ya Kilolo, mwezi wa sita nyasi zilikuwa zinaamka nyeupe kwa barafu, nasi tunakwenda shule miguu mitupu. Njiani tuliwaamsha ng'ombe wa watu ili tukanyage pale walipokuwa wamelala, maana udongo wa pale ulibaki na joto. Nikiwasimulia watoto wa siku hizi wananiambia, "Shangazi, mliteseka." Tuliteseka wapi? Tulikuwa tunagombania ng'ombe mnene.

Masika yakifika ndipo mlima ulipokuwa mtamu hasa. Kila familia ilikuwa na milanzi yake, ile mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, na ya kwetu ilishuka kutoka kileleni mpaka mtoni. Asubuhi na jioni baba alipita na kisu kukata ncha za machipukizi, chini yake ananing'iniza mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia. Sisi watoto tulipewa ulanzi wa siku hiyo hiyo, mtogwa, ule mtamu usiolevya. Mama alikuwa akisema, "Kunyweni, lakini nikisikia mtu ameimba darasani nitajua alirudia."

Mbeta ya kwanza ya msimu haikunywewa. Baba aliipeleka chini ya milanzi ya kwa babu, anamsalimu, "Kamwene," kisha anaimwaga taratibu. Kwetu mtu akizikwa, upande wa kichwa lilipandwa shina la mlanzi. Shina linakua kichaka, na kila mtoto anajua hapa ni kwa babu, pale ni kwa bibi. Sementi tuliwaachia watu wa mjini. Baba alipofariki nikiwa darasa la sita, naye tukampandia wake. Masika yaliyofuata mama alikwenda kummwagia peke yake, akarudi macho mekundu, akatupikia viazi na maharage kama hakuna lililotokea. Msalaba wa mbao ulipoliwa na mchwa hatukuweka mwingine. Wa nini, na mlanzi upo?

Baadaye tukatawanyika. Mimi nikahamia Mbeya, nauza vitenge Mwanjelwa mpaka leo, na mama nikamchukua nikae naye. Huko nyumbani milima yote ikaanza kupandwa misindano, miti ya mbao, na ukoo wetu nao ukauza mlima kwa tajiri mmoja wa mjini. Tulikubaliana naye kwa mdomo kwamba milanzi ya makaburini isiguswe, na naamini alikubali kwa moyo. Lakini waliofyeka walikuwa vibarua wa kutoka mbali, tena walikuja kiangazi, milanzi haigemwi na majani yamekauka. Wao waliona kichaka. Wakang'oa, wakachoma moto, wakapanda misindano kwa mistari.

Mama hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwaka huu miguu imemwishia, hatoki kitandani bila kushikwa, na neno lake ni moja tu: akifa alazwe kwa baba, chini ya mlanzi ule. Masika haya akadai apelekwe akapaone kwanza. Nilimzungusha mpaka nikaishiwa maneno, mwisho tukakodi gari.

Tulipofika juu nilimwacha garini, nikatangulia kutafuta. Nilijipa moyo kwamba mteremko nitaukumbuka. Wapi! Misindano yote inafanana, chini yake haioti hata mboga ya mwitu, na mto, hata masika haya, nimeukuta umebaki tope. Edga, mtoto wa kaka yangu, aliyetusindikiza, alikuwa ameinua simu yake. "Shangazi, simama hapo nikupige picha, mandhari kali hii." Huenda alikuwa amesimama juu ya babu yake.

Niliporudi, mama alikuwa amekaa mlangoni mwa gari, miguu nje, amekumbatia chupa ya ulanzi tulionunua njiani kwa ajili ya baba. Aliangalia juu, akaangalia bondeni. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kufokewa, "Mwanangu, tumepotea njia. Hapa ni kwa watu. Twendeni kabla mwenyewe hajatukuta."

Roho iliniuma, na bado inaniuma. Nikiwa mtoto wa miguu mitupu ningemshika mkono nikamfikisha kwa baba hata kwenye ukungu. Leo nina viatu, nina gari la kukodi, nina simu inayoonyesha njia ya kila mahali, na nilimgeuza mama yangu nikamrudisha Mbeya.

Kila siku ananiuliza lini tutakwenda tena, tusipotee. Chupa ipo dirishani. Ulanzi umeshachacha, kila asubuhi nalegeza kifuniko isije ikapasuka. Kuumwaga siwezi, maana sijui niumwage wapi.