Kiti cha Vijana Amekikalia Baba Yangu

Mwandishi wa kisa hiki ametuomba tusitaje jina lake wala avenyu anayokaa. Msomeni, kisha mumjibu kupitia ukurasa huu.

Wapendwa wasomaji, mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, mkaaji wa cité, mtaa wa weusi hapa Élisabethville. Sijaoa. Ni karani katika duka la vitambaa huko mjini, na bado naishi kwa wazazi wangu. Baba yangu ni mtu wa reli tangu ujana wake, na nyumba tunayolala ni ya kampani ya reli. Najua hasira hasara, lakini hii imenikaa kooni.

Kwanza mjue jambo moja la kwetu. Nimebeba jina la babu, yule aliyemzaa baba. Kwa desturi yetu watu wa kaskazini ya Katanga, anayebeba jina la mzee huheshimiwa kama mzee mwenyewe. Ndiyo maana tangu nizaliwe baba yangu ananiita "baba". Hajawahi kunipiga. Ndugu zangu wakitaka kitu walinisukuma mbele: "Enda wewe, wewe ndiye baba yake." Nilikwenda, na nilipewa.

Sisi vijana tulikuwa na kazi moja tu Jumapili: kukaa nyuma ya kanisa baada ya misa na kuwacheka wapita njia. Siku moja niliwaambia wenzangu kwamba mitaro imeziba, watoto wanaugua homa, na sisi mikono tunayo. Walinicheka, wakaniita Bwana Mkubwa. Lakini Jumapili iliyofuata walikuja na majembe. Tulizibua mitaro, tukafukia madimbwi, na wamama wakatuletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, tunywe. Wasichana nao wakajiunga. Ndipo tulipoanza kusema juu ya bomba la maji, maana kapita, msimamizi anayelilinda, hulifunga mapema anavyotaka, na wamama wanapigana kwa ndoo kila asubuhi.

Chefu wa mtaa alisikia habari zetu. Akatangaza kwamba katika baraza la wazee kitaongezwa kiti kimoja cha vijana, nasi tumtafute wa kukikalia. Tulichagua pale pale nyuma ya kanisa kwa kuinua mikono, na mikono ikaniangukia mimi. Baba, ambaye ni mmoja wa wazee wa baraza hilo, alifurahi kuliko mtu yeyote. Alinitolea koti lake la misa akanivalisha mwenyewe. "Vaa, baba," alisema. "Usiende sawa na muntu hana bazazi."

Barazani kijana hajisimamishi. Mzazi wake ndiye anayemshuhudia mbele ya wazee. Nilisimama, nikasema habari ya bomba bila kumtukana mtu. Nilipomaliza, chefu hakunitazama mimi, alimtazama baba.

"Hii maneno, iko yako pia?"

Baba aliinamia kofia yake. Kisha akasema, "Hapana, chefu. Ule iko mutoto bado. Hana bibi, hana nyumba. Mumuache akomae kwanza."

"Bon. Sasa kiti ya bijana tumupatie nani?"

Mzee mmoja akamwonyesha baba kwa kidole, akajibu, "Tumupatie ye mwenyewe! Kijana iko mu nyumba yake, anajuaka mambo yabo."

Wakapiga makofi. Baba yangu, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akakubali. Huyo ndiye kijana wetu!

Njiani nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza zaidi: "Usikasirike, baba. Leo unasema mayi, kesho utasema mushahara. Ile nyumba iko ya kampani. Bakitufukuza, tutaenda wapi na mama yako?" Hofu yake naielewa. Wapo waliorudishwa kijijini kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini hofu ingemtosha kukaa kimya. Hofu haimwambii mtu achukue kiti cha mwanawe!

Tangu siku hiyo majembe yamelala. Mitaro imeanza kuziba tena, na bomba linafungwa kama zamani. Wenzangu wanataka Jumapili moja, watu wakitoka misani, nimsimamishe baba mlangoni mwa kanisa nimwamuru arudishe kiti. Wanajua hataweza kukataa, maana neno likitoka kinywani mwangu, kwake ni babu aliyelitoa. Mama aliposikia alilia akanishika miguu. "Ukimukataa mbele ya bantu, ni babu yako anamulaani. Ataacha kula, mwanangu. Atakufa."

Nami hapo nakwama. Barazani mimi ni mtoto asiyefaa kusikilizwa. Nyumbani ni mzee ambaye neno langu laweza kumuua mtu. Sikuomba hata kimoja. Niliomba maji tu.

Juzi jioni baba alinijia nikila. Akavua kofia, akakaa kwenye kigoda kidogo, kama akaavyo mbele yangu akiwa na shida.

"Baba, mwezi unakuja tuko na baraza. Batanihoji bijana banataka nini. Niseme nini?"

Nilisukuma sahani kando. Alingoja mpaka mama akawasha taa, kisha akainuka taratibu akaenda kulala. Tangu hapo kila jioni anarudi kwenye kigoda kile.

Ndugu zangu mnaonisoma, semeni nami kama mtoto wenu. Nimpe maneno yangu ya bomba, ayaseme kama yake, wazee wampigie makofi na wamama wapate maji? Au nimvue kiti mbele ya kanisa kwa kinywa cha babu, na likija la kuja lije? Koti lake bado limetundikwa chumbani mwangu, hajaja kulichukua. Nishaurini, maana jioni inaingia na kigoda nimeshakisikia kikiburutwa.