Mnyororo Kwenye Mti wa Mama

Baba alipogawa shamba kule Laare kabla hajafa, sisi wana tulipata ardhi. Mama alipata mti mmoja. Ulikuwa mbaine, yaani mti wa miraa uliopandwa na wazee wa zamani, shina nene lililoinama nyuma ya jikoni. Kwetu mwanamke hachumi miraa, kwa hiyo vijana wa jirani walimchumia, naye mnunuzi akamlipa yeye mwenyewe mkononi. Sabuni, sukari, sadaka ya Jumapili, vyote vilitoka pale, na hakumwomba mtu.

Miaka hiyo ya tisini pikapu za miraa zilikimbia kama zimeiba. Kaka yangu mkubwa aliua injini ya pikapu yake hivyo hivyo, akalivuta gari hadi kwangu. Gereji yangu ya nyumbani ilikuwa mabati manne juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Zisingebeba hata mbuzi, sembuse injini. Kaka akautazama mti wa mama.

"Si tufunge hapa tu? Ni siku moja."

Sikupenda. Lakini kwetu mkubwa akisema, mdogo hutafuta spana. Tulimwaga oili chafu palepale kwenye mizizi, nikafungua giaboksi na bolti za injini, tukazungusha mnyororo kwenye shina, tukaning'iniza winchi ya kuinulia injini. Nikavuta. Injini ikapanda vizuri, na nilijivuna, sitadanganya. Tukasukuma pikapu nyuma.

Kaka akaenda Meru mjini kutafuta vipuri, akakaa wiki tatu. Injini ilibaki juu, kwa sababu alisema chini kuna vumbi na kuku. Ningeishusha kwa dakika kumi. Kila upepo ulipovuma iliyumba, na mnyororo ukazidi kusaga ganda.

"Kijana wangu, hiyo kitu itashuka lini?" mama aliuliza.

"Kesho, mama."

Nilimjibu hivyo karibu kila asubuhi. Nalichukia neno hilo hadi leo.

Tulipoufungua mnyororo, ganda lilikuwa limemenyeka pande zote. Mtoto yeyote wa Laare anajua mti wa namna hiyo umeshakufa, ila majani hayajapata habari. Sisi tuliolelewa na miraa tulisahau, kwa sababu tulikuwa tunatazama injini. Msimu uliofuata mti ukakauka.

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki," kaka alisema. Kana kwamba yalimwagika yenyewe! Aliahidi kumletea sukari kila mwezi. Alileta mara moja.

Mwaka haukuisha kabla pikapu haijarudi, injini imekufa tena. Kaka akaupiga mti kofi.

"Sasa si umekauka? Hakuna kitu ya kuharibu."

Nami nikaufunga mnyororo juu ya kovu lile lile. Mama alitoka jikoni na birika, akatumiminia chai, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumnunulia kipande cha sabuni.