Mawe Niliyoyapaka Mafuta ya Simsim

Mimi ni mwanamke wa mjini Arua, mtoto wa Wanubi, fundi cherehani kwa miaka mingi, na ubishi wangu unajulikana. Nilipohamia Kuluba, huko Koboko, kulima kishamba nilichonunua, watu walinipokea vizuri. Walinipa mbegu za maharage na kuku mmoja, kisha wakaendelea kuniita mgeni. Mwaka wa kwanza sikujali. Wa pili ulianza kunikera. Jirani yangu, mama wa Kikakwa aliyenizidi miaka kumi hivi, alinipenda kwa kweli, ila kila alipomwelekeza mtu kwangu alisema, "Ile nyumba ya mgeni." Iliniuma.

Basi siku moja nilikuwa nachimba shimo la takataka kwa jembe langu mwenyewe. Shimo lilipofika kiunoni jembe likagonga kitu na kurudi mkononi. Nikachokonoa udongo mwekundu, nikatoa jiwe lenye pembe sita na ncha kali, halafu lingine, mpaka yakafika kumi na moja. Wenye elimu huyaita fuwele za kwatzi. Mimi niliyaita bahati, nikasahau takataka kabisa.

Kuyasafisha ni kazi ya kuvunja shingo. Niliyaloweka kwenye beseni na sabuni usiku kucha, nikayasugua kwa mswaki mkuukuu, na udongo uliojificha kwenye nyufa nikautoa kwa sindano ya cherehani. Moja nililimwagia maji ya moto kwa haraka zangu, likalia tak, likapasuka katikati. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Madoa ya kutu yaligoma hadi nilipoyalaza mawe kwenye maji ya ndimu wiki nzima. Lile kubwa lilikuwa na mikwaruzo upande mmoja, nikaenda Koboko mjini kununua msasa wa maji kwa fundi anayenyoosha bodi za magari. Nilisugua asubuhi nzima. Msasa uliisha, jiwe likabaki vilevile, kucha zangu ndizo zilizong'aa.

Nikaona nifiche mikwaruzo kwa mafuta ya simsim. Yalifaa ajabu! Nilikaa barazani, beseni la maji magotini, nikawa naosha jiwe, nalipaka mafuta, nalielekeza juani, nacheka peke yangu.

Siku hiyo jirani alikuwa ameanika mihogo. Si mihogo ya kawaida: ilikuwa ya unga wa Jumamosi, siku ambayo wakwe wangeleta ng'ombe wa mahari ya bintiye wa mwisho. Turubai mbili zilijaa. Muhogo ukinyeshewa kabla haujakauka huota ukungu mweusi, ugali wake hunuka, na hapakuwa na mwingine wa kuchukua nafasi yake. Alikuja kuniomba ungo, akaniona, akasimama kama aliyekanyaga siafu.

"Mtoto yangu, unafanya nini na ile mawe?"

Nina miaka hamsini na miwili, lakini kwake mimi ni mtoto.

"Naosha tu, mama. Napaka mafuta kidogo."

"Mafuta!" Alishika kichwa. "Hiyo mawe iko ya mvua! Wazee wetu walikuwa naosha, napaka simsim, mvua nakuja. Na mihogo yangu iko nje!"

Nilicheka. Nikamwambia kwa ile sauti ya mtu aliyesoma madrasa kwamba mvua huletwa na Mungu, jiwe ni jiwe. Sijamaliza sentensi, radi ikanguruma upande wa Kongo.

Kicheko kilinikauka. Wingu lilikuwa zito, linakuja kwetu moja kwa moja. Nikaliacha beseni, nikakimbilia turubai nimsaidie kuzibeba, naye akanisukuma kwa mikono miwili.

"Wacha mihogo! Kausha mawe! Mihogo iko kazi yangu, mawe iko kazi yako!"

Nikapiga magoti, mimi mbishi, nikafuta mawe kumi kwa mtandio wangu mzuri wa Idi. Sikuamini hata chembe, nasema kweli, ila nilifuta mpaka ndani ya nyufa, na midomo yangu ilikuwa inasema bismillahi bila kuniuliza. Yeye alikuwa anakokota turubai na kufoka, "Umeacha mafuta pale! Pale!" Niliyapanga kwenye majivu yenye uvuguvugu jikoni. Matone makubwa sita au saba yalipiga bati. Kisha upepo ukageuka, wingu likapita pembeni, na jioni tukasikia kule Abuku imenyesha mpaka njia zimekatika.

"Umepelekea watu ya Abuku," alisema jirani, akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Mihogo ilikauka kwa siku tatu za jua. Mawe niliyafunga kwenye gunia, makavu, wala sikuthubutu kuyagusa.

Jumamosi wakwe walikuja na ng'ombe wao, na ugali ulikuwa mweupe, laini, bila harufu yoyote. Nilikuwa nimekaa na wanawake mlangoni. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliniangalia mtandio, ambao madoa yake ya mafuta hayakutoka, akauliza, "Na huyu mgeni iko ya wapi?"

Nilifungua mdomo nijibu Arua, kama kawaida yangu. Jirani alinitangulia.

"Mgeni gani?" alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Mgeni naosha mawe, mvua nasikia yeye? Huyu iko mutu ya hapa."

Nikainama juu ya sahani yangu ili wasinione nalia, na jirani akaniongezea ugali bila kuniuliza.